Chumvi ya Yule wa Pua Nyeupe

Nasieku alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Gataka, namenya viazi. Yeye hana salamu ndefu za simuni. Huogopa salio litaisha hata kama ni wewe uliyepiga. "Mzee Mbugua ametuacha," akasema. "Tunamzika Jumamosi, shambani kwake huku Kisaju. Watoto wake wanasema maneno ya kusomwa utaandika wewe." Nikamwambia nimesikia, akakata. Nilibaki na kisu mkono mmoja na kiazi nusu mkono wa pili. Nililia kidogo, halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka kwamba maneno fulani niliyomwandikia mzee huyo zamani nusura yafunge duka lake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu mwaka ule. Nilikuwa nachapa barua, wasifu na programu za harusi katika kibanda kimoja pale Kitengela, chenye kompyuta moja na feni ambayo kazi yake ilikuwa kuhamisha vumbi kutoka kona hii hadi ile. Mbugua aliingia asubuhi moja na karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Mwili wake ulikuwa wa kawaida, lakini sauti yake ilimtangulia mlangoni, na hata alipokuwa akinong'ona watu wa duka la pili walimjibu. Alitaka kuchapiwa tangazo: TUNAUZA CHUMVI YA MIFUGO. BEI NAFUU. KARIBUNI WOTE. Kwa ujeuri wa umri ule nikamwambia kwamba hilo si tangazo, hicho ni kibao cha kuonyesha choo. Badala ya kukasirika akavuta kiti. "Haya, wewe mwenye unajua, andika." Nikaandika. Sikumbuki niliandika nini, ila nakumbuka aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, watu wa kinyozi jirani wakatoka kuchungulia. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimehamia kwake na godoro langu.

Duka lilikuwa mbele, stoo nyuma, na chumba changu katikati ya stoo na nyumba yao, kuta zote za mabati. Chumvi ilichanganywa palepale stoo, kwenye sakafu ya simiti, kwa beleshi: chumvi yenyewe, unga wa mifupa, na madini ya rangi ya kijivu yaliyokuja kwenye mapipa. Vumbi lake lilikuwa kila mahali. Nililala nalo kwenye nyusi, nikaamka nalo kwenye midomo, na chai ya nyumba ile ilikuwa na ladha ya chumvi hata baada ya kutiwa sukari. Nasieku ndiye aliyekuwa akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa nailoni. Alinizidi miaka kumi hivi, ameolewa Kisaju, mama wa watoto, mtu wa maneno machache na macho mengi. Kila asubuhi alikuja na maziwa kwenye kibuyu, na saa nne tulikaa juu ya magunia, tukala githeri ya Mama Kimani, mke wa Mbugua, tukishushia na maziwa yale yenye harufu ya moshi. Siku ya kwanza nilidhani yameungua. Kufikia mwezi wa tatu maziwa ya pakiti yalikuwa yananikaa mdomoni kama maji ya kuoshea vyombo.

Tatizo letu lilikuwa rahisi kulieleza. Wafugaji Wamaasai wa huko walikuwa na chumvi yao tayari: kulikuwa na mahali ambapo udongo wenyewe una chumvi, ng'ombe wakapelekwa kulamba, na kulikuwa na magadi. Sisi tulitaka wanunue kitu ambacho ardhi iliwapa bure. Chumvi yetu ilikuwa nzuri kweli, nasema hivyo mpaka leo, ilikuwa na madini ambayo udongo ule hauna. Lakini watu walikuwa wakimwambia Mbugua kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna methali aliyoichukia kama hiyo. "Kama kizuri kinajiuza," alikuwa akinguruma, "mbona kanisa liko na kengele?" Akanunua kipaza sauti cha kufunga juu ya pikapu. Akaagiza magunia mapya meupe, yachapishwe maneno yangu kwa wino mwekundu. Na alitaka yote yaishe kabla ya kiangazi kukaza, maana kiangazi kikikaza mtu huuza ng'ombe, hanunui chumvi.

Nilikaa na maneno hayo wiki mbili. Nilitembea nayo, nikayaimba bafuni, nikayaandika nyuma ya risiti. Nilipoyapata niliruka kitandani. HESABU NG'OMBE WAKO LEO. WAPE CHUMVI HII. HESABU TENA MVUA IKIRUDI. Niliona ni kazi ya mtu mwenye kipawa. Ni mafupi, yana ahadi, yana mwanzo na mwisho, na mtu yeyote anaweza kuyakariri. Mbugua aliyapokea kama mtu aliyepewa zawadi ya Krismasi. Magunia yalipofika kutoka kwa mchapaji, nilimnyanyulia Nasieku moja mbele ya uso wake. Alilitazama muda mrefu, sindano mkononi. Nikamuuliza, "Unaonaje, hiyo nyekundu inaonekana?" Akasema, "Inaonekana." Akarudi kushona.

Soko la mifugo la Bisil ni vumbi, fimbo na mashuka mekundu, na watu wanaozungumza kwa utulivu kuhusu mambo makubwa. Tulifika asubuhi, pikapu imelemewa. Nasieku hakuja siku ile. Mtoto wake alikuwa na homa. Mbugua aliwasha kipaza sauti, akanipa. Nikapanda juu ya magunia, nikayasema maneno yangu kwa nguvu zote za mapafu. Hesabu ng'ombe wako leo! Mwanzoni watu waligeuka kutazama, na moyo wangu ukapaa. Nikarudia. Nikaona mwanamke aliyekuwa anakuja upande wetu na mbuzi wake akisimama, akawageuza mbuzi, akapita mbali. Nikarudia tena, kwa sauti zaidi, nikidhani hawajasikia. Wanaume waliokuwa wamesimama karibu wakaondoka, si kwa hasira, kwa ustaarabu tu, kama watu wanaoondoka mahali ambapo mgeni amejikwaa nguo ikapanda. Mzee mmoja alibaki. Alinisalimu, "Sopa," nikaitikia "Epa" nilivyofundishwa. Akanitazama kwa huruma. "Mtoto wangu, hizo ng'ombe unataka kuhesabu, ni za nani?" Nikamwambia ni zake, baba. Akatikisa kichwa. "Basi mimi sijakutuma." Akaenda zake. Tulirudi Kitengela na magunia yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mbugua hakusema neno njia nzima.

Ukuta wa mabati hauna siri. Kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, niliwasikia upande wa pili, kijiko kikigonga kikombe. "Huyu msichana mrudishe kwao," Mama Kimani alikuwa akisema. "Si mbaya, lakini ametuharibia jina. Hata hapa Kitengela wameanza kucheka." Kisha sauti ya Mbugua, ikijaribu kuwa ndogo na ikishindwa: "Nimempa soko moja. Moja tu. Magunia yakirudi tena, tunafunga hii biashara ya chumvi, mimi narudi kuendesha lori, na yeye anarudi kwao." Nikakaa kitandani na kiatu kimoja. Sikuogopa kurudi nyumbani kama nilivyoogopa kitu kingine: kwamba kile nilichodhani nakijua, kupanga maneno yakamgusa mtu, huenda sikuwahi kukijua hata kidogo.

Nilimkuta Nasieku stoo, anafagia. Nikamweleza kila kitu, kuanzia mwanamke wa mbuzi mpaka mzee. Hakushangaa hata kidogo. Nikaelewa kwamba alijua tangu siku ile ya gunia.

"Nasieku, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nyekundu inaonekana," akasema. "Nikakwambia inaonekana. Inaonekana sana, hata ukiwa Namanga."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia. Akakaa chini, akanyoosha miguu. "Mtu hahesabu ng'ombe zake kwa mdomo, Njambi. Hata watoto hahesabu. Hiyo ni kitu Mungu amekupatia. Ukianza kuhesabu na kelele, ni kama unamwonyesha mahali pa kupunguza. Sasa wewe umepanda juu ya gari, na kipaza sauti, unaambia soko mzima wahesabu." Akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Na tena umeandika na rangi ya damu." Nami nikacheka, machozi yakinitoka. Uchungu zaidi ni kwamba hata wazee wetu sisi Wakikuyu walikuwa na mwiko wa kuhesabu watoto. Nilikuwa nimeusikia, nikauweka pamoja na mambo ya zamani ambayo msomi hayahitaji. Kuuliza si ujinga, husema watu, lakini mimi nilikuwa nimeuliza kuhusu wino.

"Sasa watajuaje kama mmoja amepotea?" nikamuuliza. Nasieku alinitazama kama aliyekuwa akisubiri swali hilo tangu nije. "Kuja jioni nyumbani," akasema.

Wakati ule Kisaju ilikuwa uwazi mtupu, nyasi mpaka macho yachoke. Nyumbani kwa Nasieku nilipewa kigoda karibu na lango la boma na kikombe cha chai nzito ya maziwa, na mama mkwe wake, ambaye watoto walimwita kokoo, yaani nyanya, alisimama langoni akiegemea fimbo. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Ng'ombe wakaanza kuingia, kengele zikigongana, vumbi likiwafuata. Kokoo hakunyoosha kidole, hakusogeza midomo. Macho yake yalipita juu yao kama mama anayepita kati ya watoto waliolala, akiangalia nani amejifunua blanketi. Mara moja moja alisema neno kwa Kimaasai na Nasieku akaninong'onezea: yule mwekundu ni binti wa ng'ombe aliyeletwa siku ya harusi yake, yule mwenye pembe iliyopinda ni mkorofi kama bibi yake, yule wa madoa alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Wa mwisho akaingia. Mimi niliona boma limejaa tu. Kokoo akauliza swali fupi, na kila mtu akaacha alichokuwa akifanya.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema, yule wa pua nyeupe yuko wapi."

Shemeji yake Nasieku alikuwa ameshachukua fimbo na kutoka. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyesema tuhakikishe kwanza. Chai yangu ilipoa nikiwa nimekodoa macho njiani pamoja nao, na nilishangaa jinsi moyo ulivyonidunda kwa ajili ya ng'ombe nisiyemjua. Baada ya muda alitokea, polepole, anachechemea, shemeji nyuma yake akimsemesha. Kokoo akampisha langoni, akampiga kofi dogo mgongoni la kumkaripia. Nikajua kwamba hapo ndipo tangazo langu lilipokuwa limesimama siku zote, langoni, likinisubiri niache kupiga kelele.

Tulianza na magunia. Nasieku ndiye aliyesema tuyageuze, ndani yawe nje. Tuliyamwaga, tukayapindua moja moja, tukayajaza upya, akashona midomo, na maneno yangu mekundu yakabaki ndani yakitazamana na chumvi. Mikono yetu ilipasuka. Mama Kimani alitupaka mafuta ya nazi bila kusema chochote kuhusu kunirudisha kwetu, na siku ya pili alileta beleshi akajiunga nasi. Jioni zile kabla ya chakula nilikaa na Nasieku kupanga maneno mapya. Mimi nilikuwa na haraka. Niliandika kwamba chumvi hii inazuia magonjwa. Akanifutia. Nikaandika kwamba inamkinga ng'ombe na kiangazi. Akafuta tena, safari hii kwa hasira. "Usiseme inaponya. Wewe utaenda kwenu. Mimi nikiambia jirani hii inaponya, na ng'ombe yake ikufe, nitateka maji na nani?" Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini sasa, na sijapata sheria ya matangazo iliyo bora kuliko hiyo.

Soko lililofuata alikuja. Alikataa katakata kushika kipaza sauti, akasema hata kanisani yeye husimama nyuma; lakini nilipomaliza sentensi yangu ya kwanza ya Kiswahili na kumgeukia, alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akaisema kwa Kimaasai. Nikasema ya pili, akaisema. Hatukupiga kelele. Maneno yalikuwa haya, na bado nayajua kwa moyo: "Jioni wakiingia, unasimama langoni. Unamwona mwekundu. Unamwona mwenye pembe iliyopinda. Unamtafuta yule wa pua nyeupe, na leo amechelewa. Miguu yake imechoka, anakula na haridhiki. Sisi hatuna dawa, na mvua hatuwezi kuileta. Tuko na chumvi. Ni ya yule unayemtafuta kwa macho."

Hakuna aliyesogea, nikafikiri tumekwisha. Ndipo mwanaume mmoja aliyevaa koti juu ya shuka akamwambia Nasieku kitu, akionyesha bega lake la kushoto. "Anasema yake iko na doa hapa," Nasieku akanitafsiria. Mwingine akadakia kuhusu yake, yenye masikio marefu, inayobaki nyuma kila jioni. Mama mmoja alisema yake ni mzee, imemzalia ng'ombe wote alio nao, na sasa inalamba kuta. Walikuwa wakielezana ng'ombe wao, wakicheka, wakibishana, na katikati ya mazungumzo yale, bila mtu kuona ni jambo kubwa, mkono ukaingia mfukoni na gunia likashuka kutoka kwa pikapu. Kisha lingine. Mbugua alikuwa amesimama kando, hana la kufanya. Mzee wa soko lililopita alikuja, akagusa gunia jeupe lisilo na neno, akaniuliza, "Yale maneno yameenda wapi?" Nikamwambia yako ndani, baba. "Hapo ni pazuri," akasema, akanunua. Tulirudi na magunia machache tu, na Mbugua aliimba nyimbo za kanisa mpaka Isinya.

Sasa barabara ya Namanga ina mabango kila hatua, mengi ya ploti, na kila bango limejaa tarakimu: dakika ngapi kutoka lami, asilimia ngapi za faida. Vijana ninaofanya nao kazi Nairobi huniletea matangazo ya aina hiyo, nami huwauliza swali moja ambalo wamelichoka: huyu mtu jioni anamtafuta nani langoni? Wengine huzungusha macho. Wachache huondoka, wakarudi baada ya siku mbili na kitu kizuri.

Maneno ya mazishi ya Mbugua niliyaandika Ijumaa, mezani kwa Mama Kimani, ambaye sasa hatembei sana. Familia ilikuwa na karatasi tayari, iliyosema ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, idadi zimewekwa kama kawaida yetu. Niliomba kuziondoa. Nikasema nitawataja, kila mmoja asimame. Mjukuu wake mkubwa, mtoto wa Kimani, kijana mwenye ndevu ambaye ndiye anayeendesha duka siku hizi, alinisomea majina na mimi nikayaandika.

Jumamosi kulikuwa na upepo wa Kisaju, ule unaotaka kofia ya kila mtu. Nilisimama kando ya kaburi na kijana yule akanishikia kipaza sauti. Nilisoma maisha ya babu yake, watu wakacheka palipochekesha. Kisha nikaanza majina. Kimani akasimama, akasema niko. Dada zake wakasimama mmoja mmoja. Wajukuu, na kitoto mgongoni ambaye mama yake alimjibia. Nilipofika mwisho nikakunja karatasi, nikaona nimemaliza. Nasieku alikuwa mstari wa mbele, mvi zimemjaa, mikono juu ya magoti. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya wale waliosimama, polepole, na midomo yake haikusogea. Nikajua analofanya. Nikangoja.

"Njambi," akasema, "mmoja hayupo."

Nikakunjua karatasi, nikaitazama, sikuona kosa. Nikamwangalia tena, naye akaelekeza kidevu chake pembeni yangu. Ni mjukuu yule. Alikuwa amenisomea binamu zake wote jana yake na, kama wafanyavyo wanaosoma majina, akajisahau. Na mimi nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye muda wote, nisimwone. Kwa desturi yetu mvulana wa kwanza wa mwana wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hiyo nilijua jina la kuita. Nikaliita.

"Mbugua."

Kijana akashtuka. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake lakini alikisahau, hakukiinua mdomoni, wala hakukihitaji.

"Niko!" akasema, na hata ng'ombe wa jirani wakageuza vichwa.